Mwalimu, Kuhusu Seli Zako Zilizobaki Maabarani

Mpendwa Mwalimu,

Leo ni Jumapili. Majani ya chai yamekwisha kwenda kituo cha kununulia na nyumba imetulia. Binti yetu Moraa amekwenda kwa rafiki yake kufanya hesabu, ama ndivyo alivyoniambia. Nimekaa kwenye meza yako ya kusahihishia madaftari, na mbele yangu iko fomu ya Daktari Atieno. Inauliza jambo moja tu: je, tunakubali damu yako na uboho wako uliobaki kwenye friza ya maabara uendelee kufanyiwa utafiti, ama turudishiwe tuuzike hapa nyumbani karibu nawe? Kesho napeleka jibu Kisii. Kabla sijaondoka nataka nikueleze tulivyolifikia, maana kuna kazi uliyoniachia, na niliichelewesha.

Naandika waziwazi, watu wasome. Daktari ameniambia kwamba ziko familia nyingine zenye fomu kama hii na hazijui pa kuanzia. Hata sisi hatukujua.

Tena naandika kwa Kiswahili, kama zamani ulipokuwa chuo cha ualimu. Nilikuwa nakutumia barua, nawe unanirudishia ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. “Mawazo mazuri. Rekebisha mwandiko. Saba juu ya kumi.” Wenzangu walipata maua yaliyochorwa, mimi nilipata alama. Ile barua niliyoomba nije kwenu Birongo kujitambulisha ulinipa tisa. Nilipokuuliza ile moja imekwenda wapi ukasema, “Nimeiweka usivimbe kichwa.” Ninazo zote. Ziko kwenye mkebe wa biskuti, na Moraa amezisoma bila ruhusa, akaniambia kwamba kweli mwandiko wangu ulikuwa mbaya.

Mgongo ulipoanza kukuuma, kila mtu alikuwa na sababu yake. Mimi nilisema ni kikapu cha majani. Kaka yangu Ombati alisema ni viti vya shule. Wewe ulisema ni umri, na hukuwa hata umefika hamsini. Nilikuwa nakukanda na maji ya moto kila asubuhi kabla hujaondoka kwenda shuleni Sironga, nawe unaniambia nipunguze nguvu, wewe si unga wa chapati. Tulikaa hivyo miezi. Kisha siku moja ulikohoa na ubavu ukavunjika. Kukohoa tu. Ulinitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Hospitalini Kisii ndipo tulipoambiwa ni kansa ya damu, ya aina inayokaa ndani ya uboho, ule ute wa katikati ya mfupa. Mimi nilikuwa nikidhani kansa ni uvimbe, kitu cha kushika kwa mkono. Nilikupapasa mgongo wote siku ile tuliporudi nyumbani, sikupata kitu.

Daktari Atieno alikuja kliniki wiki iliyofuata. Alikuwa mtafiti, akija kutoka maabara ya Nairobi na sanduku lake la baridi, na alikuwa anatafuta wagonjwa wa kuingia kwenye utafiti wa dawa mpya. Nakumbuka alivyovuta kiti akakaa mbele yako wewe, si mbele yangu. Alieleza kwamba seli zako zilizoharibika ni zile zile ambazo kazi yake ilikuwa kutengeneza kingamwili, vile vitu vidogo vya kuutetea mwili. Sasa zimeacha kazi na zinazaana tu, zinajaza mfupa mpaka unakosa nguvu. Na dawa yake ilikuwa ni kingamwili pia, lakini ya kutengenezwa maabarani. Inaingia kwa dripu, inazunguka mwilini ikitafuta alama moja iliyo juu ya seli mbaya, ikiipata inajishikilia hapo, na askari wa mwili wanajua pa kupiga.

Mimi sikuelewa kitu. Wewe ulifikiri kidogo ukasema, “Ni kama mwalimu wa zamu akienda sokoni siku ya shule. Watoto wamejaa, lakini akiona sweta ya shule yetu anajua huyu ni mtoro wangu.”

Daktari akacheka mpaka muuguzi akachungulia. “Mwalimu, hiyo nitaiiba.”

“Iba, lakini useme uliitoa kwa nani.”

Mwalimu, ile dawa ilitupa muda mzuri. Watu wengi wanakumbuka ugonjwa wako, mimi nakumbuka zaidi miezi ile ya katikati. Ulirudi darasani. Ulisimama kwaya nzima siku ya Sabato bila kushika kiti cha mbele. Ulikuja shambani, ukapekua kikapu changu, ukatoa majani magumu moja moja ukinitupia miguuni. “Hili utakunywa wewe. Na hili utakunywa wewe.” Nilikuwa nachuma vibaya makusudi ili uendelee kunigombeza. Sikukuambia hilo, nakuambia leo.

Kisha vipimo vikaanza kupanda tena. Daktari Atieno alituita, akasema bila kuzungusha kwamba dawa haishiki tena. Akasema pia kwamba anacho kile kipimo chako cha kwanza cha uboho, kilichotolewa kabla hujaanza dawa, na kwamba akipata kingine sasa, baada ya dawa kushindwa, ataweza kuviweka pamoja atazame ni kitu gani kimebadilika. Watu wachache sana wamempa vyote viwili. Lakini hakitakusaidia wewe, akasema, na uko huru kukataa.

Mimi nilikataa kwa niaba yako. Nilisimama kabisa. Unakumbuka tulivyogombana pale kwenye korido, watu wakijifanya wanasoma mabango?

“Ni mfupa wa nani?” ukaniuliza.

“Ni wako. Lakini ni mimi nitakayekusikia ukilia.”

“Basi uje na pamba za masikio.”

Nilipoendelea kununa ukanishika mkono wa shati. “Baba Moraa, sikiliza. Wale watoro wamevua sweta. Ndiyo maana mwalimu wa zamu anawapita bila kuwajua. Mimi nataka mtu ajue wanaivulia wapi. Mtihani huu nimeanguka, sawa. Lakini karatasi yangu isahihishwe, kuna wengine wataukalia.”

Nikakaa. Ningefanya nini?

Siku ile sindano ilipoingia niliingia nawe na nikakushika miguu, kwa sababu muuguzi alikuwa mmoja na alikuwa amekushika mabega. Baadaye tulikaa kwenye benchi ya nje ukila ndizi mbivu polepole, ndipo uliponipa ile kazi. “Umwambie mama. Usimtume mtu, umwambie wewe mwenyewe. Umwambie nilitoa kwa kupenda kwangu, asije akasikia kwa watu akafikiri nilikatwakatwa.”

“Nitamwambia.”

“Utaona haya.”

“Sitaona.”

“Utaona,” ukasema, ukanipa nusu ya ndizi iliyobaki.

Wanaosoma na si wa kwetu huenda wasielewe ugumu ulikuwa wapi. Kwetu Wagusii, mkwe na mama mkwe wana heshima kubwa kati yao. Siwezi kutaja mwili mbele ya mama yako. Siwezi hata kukaa nikinyoosha miguu anapopita. Tangu nikuoe, mimi na yeye tumezungumza mvua, majani chai, na kukua kwa Moraa, basi. Sasa nimwendee nikasema binti yako alilazwa kwa tumbo, akatobolewa mfupa wa nyonga, na mimi nikamshika miguu? Maneno hayo hayakuwa na mlango wa kutokea.

Tulipokuzika hapa, upande wa kushoto wa nyumba kama inavyotakiwa kwa mke, mama yako alikaa karibu na jeneza asubuhi nzima. Nilimwendea mara tatu nikiwa nimekaza moyo nimwambie. Mara ya kwanza nilimuuliza kama hema inatosha. Mara ya pili nilimuuliza kama wageni wa Birongo wamepata chai. Mara ya tatu nilimuuliza tena habari za hema. Akanitazama akasema, “Hema ni nzuri, mwanangu.” Nadhani alifikiri huzuni imenipiga kichwani.

Miezi minne baadaye Daktari Atieno akapiga simu. Utafiti ule wa kwanza umefungwa. Wameanza mwingine wa kutengeneza kingamwili inayotafuta alama tofauti, ambayo seli haziwezi kuivua kwa urahisi, na vile vipimo vyako viwili ndivyo wanavyovihitaji. Lakini ruhusa uliyotia sahihi ilikuwa ya kazi ile ya kwanza peke yake. Sasa ni lazima familia iseme. Nikamuuliza, tukisema hapana itakuwaje? Akajibu kwamba kwa kawaida huteketezwa, ila kwa sababu anaijua desturi ya huku ameomba, na amekubaliwa, tukabidhiwe tuzike wenyewe.

Nikamwita Ombati. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia yake ikiwa gotini.

“Yaani,” akasema, “tulizika mtu, na salio likabaki Nairobi?”

“Ni kidogo sana, kaka. Vichupa.”

“Hata kama ni tone. Mtu wetu halali kwa watu, kwenye friza, kama samaki. Tuchukue. Tutachimba kashimo kadogo, wazee watano, mbuzi mmoja.” Akafikiri. “Mbuzi wawili. Watu wakisikia tunazika chupa watakuja hata wa Keroka.”

Moraa alikuwa mlangoni. “Na kwenye kaburi hilo dogo tutaandika nini, baba mkubwa?” Ombati akanigeukia. Ndipo akaniuliza, “Mama yake anasemaje?”

Nikatazama chini.

“Hajui?”

“Hajui.”

“Miezi minne! Basi hapa friza haina makosa. Mwenye makosa ni wewe.” Kisha akaweka mkono begani kwangu, akasema kwamba mama yako ndiye atakayesema la mwisho, kwa sababu wa Birongo wakisikia baadaye kwamba tuliamua bila wao, tutakuwa tumekuzika vibaya. Nilijua anasema kweli. Mama yako akisema zirudi, zingerudi, na ile karatasi yako isingesahihishwa na mtu yeyote.

Hapo, Mwalimu, nikafanya kosa la pili. Ulisema nisimtume mtu, nami nikamtuma Daktari. Nilijua Alhamisi anakuja kliniki Kisii, nikamwomba tuandamane mpaka Birongo aseme yeye, yeye ni mwanamke na ni mgeni, hazuiwi na kitu. Akakubali. Tulipofika, mama yako alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nilisalimu kutoka mbali, nikakaa kwenye benchi ya nje chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia yote.

“Wewe unatoka wapi?” mama yako akamuuliza, kwa Kiswahili chake cha sokoni.

“Kwetu ni kule ziwani, mama.”

“Ziwani, na mkono mtupu? Hata visamaki, hata omena?”

“Nisamehe, mama. Nimetoka kazini moja kwa moja.”

“Haya, kaa. Utakula ndizi uone watu wa mlima wanakula nini.”

Daktari akaanza. Alieleza vizuri, polepole, kama alivyotueleza sisi. Alitaja friza, alitaja neno la Ombati la kurudisha na kuzika. Kisu kilikuwa kinaendelea, nasikia maganda yakianguka kwenye beseni. Kisha mama yako akauliza, “Hizo vitu ya mtoto yangu, ziko hai ama zimekufa?”

“Zimelala, mama, kwa baridi kali sana. Tukizipasha joto, nyingine zinaamka.”

“Zikiamka zinafanya nini?”

“Zinaendelea na tabia yao. Ndiyo tunataka kuona zinajificha dawa namna gani.”

Kisu kikasimama.

“Ngoja. Hizo ndizo zilimuua?”

“Ndiyo, mama. Nyingi ni hizo.”

“Na Ombati anataka tuzilete, tuzilaze pamoja na yeye?”

Daktari hakukimbilia jibu hilo, ingawa lilikuwa linamfaa. Nilimheshimu sana pale. “Mama, sitaki kukudanganya. Ziko na nzuri pia, zimechanganyika humo humo. Hizo ni zake kabisa. Ombati hajakosea.”

Nikasikia mama yako akianza kumenya tena.

“Mtoto yangu amepumzika,” akasema. “Hao wasimfuate. Kaa nao wewe. Uwaulize, uwaulize, mpaka waseme. Na hizo nzuri zikae hapo hapo ziwaangalie. Yeye alizoea kuangalia watundu.”

Ningeweza kushukuru hapo nikaondoka, Mwalimu. Jibu lilikuwa limepatikana. Lakini mama yako hakuwa amemaliza.

“Walitoa wapi kwa mwili?”

“Kwa mfupa wa nyonga, mama.”

Nikatazama viatu vyangu.

“Na nini? Sindano?”

“Ndiyo. Ndefu.”

“Aliumia?”

“Aliumia. Ganzi tunaweka, lakini ndani ya mfupa haifiki vizuri.”

“Nani alikuwa na yeye?”

“Mimi sikuwa chumbani siku hiyo, mama,” Daktari akasema. Hakutaja jina langu. Nafikiri alikuwa ananiachia.

Nikasema kupitia dirishani, bila kugeuka, “Ni mimi, mama. Nilikuwa nimemshika miguu.”

Masikio yalinichoma. Nilikuwa nimetaja miguu ya binti yake mbele yake, mimi mkwe.

“Alisema nini?” akauliza. Sauti ilikuwa karibu, alikuwa amesogea dirishani.

“Alikuita wewe. Mara mbili. Halafu akatulia.” Sasa maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. “Na baadaye aliniambia nikwambie kwamba alitoa kwa kupenda kwake. Hakulazimishwa. Alisema nije mimi mwenyewe, nisitume mtu. Nimechelewa, mama, na bado nikatuma mtu.”

“Umechelewa sana,” akasema.

Nikainuka kwenye benchi.

“Ingia ndani ule. Na hiyo karatasi, ilete.”

Nilikula nikiwa nimekaa pembeni karibu na mlango, yeye akiwa amenipa mgongo, kila mmoja wetu akitazama upande wake kama inavyotakiwa. Lakini aliniongezea ndizi bila kuuliza, na Daktari Atieno alimaliza sahani yake na kuomba nyingine, jambo lililompendeza mama yako kuliko maelezo yote ya seli.

Mwalimu, naendelea vizuri, usifikiri vinginevyo. Moraa amekua, viatu vyako vinamtosha na anavivaa kanisani. Kuna siku namwonea wivu Daktari. Yeye anakuona kwenye darubini, mimi nakuona kwenye picha ya walimu ambayo umefumba macho. Nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi. Akasema seli zako hazifanani na wewe hata kidogo, kwamba ni viduara tu, nisijali, sijapitwa na kitu. Nikafurahi kupita kiasi.

Hajui kama dawa mpya itapatikana. Alilisema hilo mara mbili, ili nisijidanganye. Alisema anaweza kuuliza seli zako miaka na zisiseme. Nikamwambia wewe ulifundisha darasa la kwanza, subira si jambo geni kwako.

Sahihi yangu nimeitia sasa hivi, juu kidogo ya alama ya mama yako. Fomu ina mahali pa mtu mmoja tu, pa mume. Daktari alimweleza hivyo Alhamisi ile, kwa upole. Mama yako akasema, “Huyu alimuoa. Mimi nilimzaa.” Akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi kabla hatujamtafutia wino. Kilikuwa kimejaa utomvu wa ndizi, na unajua utomvu ukishakauka hautoki. Imebaki duara ya kahawia, kubwa, imeingia mpaka kwenye maandishi.

Daktari akaitazama, akasema wakubwa wake Nairobi watauliza hii ni nini.

“Waambie ni mimi,” mama yako akamjibu.

Pumzika, Mwalimu. Kesho asubuhi na mapema naipeleka.

Mume wako,
Baba Moraa